Risala ya Bastola Kumi na Nne

Waswahili wote wa London, kuanzia Southall hadi Croydon, pamoja na wale wa Lewisham ambao ndio wenye akili, mnatangaziwa kwamba Chama cha Shabaha, Nidhamu na Maendeleo kimepiga hatua kubwa kuliko chama kingine chochote cha Waswahili cha kulenga shabaha katika jiji hili. Ni kweli kwamba hakuna kingine. Hilo nalo Kamati Tendaji imeliingiza katika orodha ya mafanikio.

Mimi ni Muhiddin, Katibu Mkuu, Katibu Mwenezi na Msemaji. Nimepewa jukumu la kueleza yaliyotokea siku tulipompokea mgeni rasmi, kwa sababu mtaani yamesemwa mengi, na mengi kati ya hayo ni ya kweli, jambo ambalo Kamati haikulifurahia.

Nianze na bastola yenyewe, maana wasio wanachama hutishika bure. Nchi hii ilipiga marufuku bastola fupi zamani. Inayoruhusiwa kwa leseni ni ile iliyorefushwa: mtutu wake mrefu, na nyuma ya mpini imefungwa fimbo ya chuma inayotokeza kama mkia, ili kutoka mdomo hadi mkia isiweze kuingia mfukoni mwa mtu yeyote. Kwa maneno mengine, bastola huwa halali pale inapoacha kufanana na bastola. Sisi watu wa kamati tuliielewa sheria hiyo mara moja. Risasi zake ni ndogo kama kokwa za tende, na kazi yake ni moja tu: kutoboa karatasi.

Chama kinayo bastola moja ya aina hiyo. Moja. Inalala ndani ya kabati la chuma, na funguo anazo Bonface, dereva wa basi kutoka Nyeri, ambaye ndiye msimamizi wa uwanja kwa sababu ndiye pekee aliyefuzu mafunzo. Uwanja wetu uko chini ya kanisa, katika chumba kirefu kisicho na dirisha, na mwisho wake kuna ukuta wa mchanga. Kwaya inapofanya mazoezi huko juu tunafyatua kati ya ubeti na kiitikio.

Mwenyekiti wetu ni Mheshimiwa Mzee Sultan, mzaliwa wa Unguja, karani mstaafu wa nyumba za manispaa. Mzee Sultan hajawahi kufyatua risasi hata moja, na hilo si upungufu. Mwenyekiti hafyatui. Mwenyekiti hufungua. Kila Jumamosi husimama, akatusalimia kwa vyeo, akagusia historia ya shabaha duniani, kisha akatangaza kwamba shughuli imefunguliwa rasmi. Kufikia hapo kwaya huwa imekwenda nyumbani.

Hata hivyo, Mzee Sultan ndiye bingwa wa chama. Hapa ndipo watu wasio na malezi hushindwa kutuelewa, kwa hiyo nitafafanua polepole. Pilau ikiletwa, pande zuri la nyama huwekwa upande wa mkubwa. Hakuna anayeuliza nani alichinja. Basi na sisi, kila Jumamosi, kadi ya shabaha iliyotobolewa vizuri kuliko zote huandikwa jina la Mwenyekiti. Inaitwa Kadi ya Heshima. Ni utamaduni wetu, na tumeuingiza kwenye katiba, kifungu cha tisa.

Kifungu hicho hakikumsumbua mtu yeyote mpaka alipokuja Mumbi.

Mumbi ni muuguzi, Mkenya, mwanamke mfupi mwenye mkono usiotikisika. Aliingia kama mwanafunzi. Ili mwanafunzi awe mwanachama kamili, hutakiwa kuleta kadi nzuri zenye jina lake mwenyewe, na Mwenyekiti aziwekee saini. Bila saini hiyo, Mumbi hawezi kuomba leseni ya bastola yake mwenyewe, wala kushiriki mashindano ya vilabu. Na hicho ndicho alichokitaka, hakutaka kingine. Aliniambia siku moja, bila mimi kumuuliza: "Katibu, wodini kila mtu ananiita. Kengele huku, kengele kule. Nikishika ile bastola, kuna kadakika fulani hakuna anayeniita. Ninavuta pumzi, ni mimi na ile karatasi. Nataka yangu. Basi."

Nilimjibu kwamba ombi lake liko kwenye mchakato.

Tatizo lake lilikuwa kwamba anapiga vizuri. Kila Jumamosi kadi yake ndiyo ilikuwa bora, na kila Jumamosi, kwa mujibu wa kifungu cha tisa, ilikwenda kwa Mzee Sultan. Mumbi akamaliza majira mawili ya baridi bila kadi hata moja yenye jina lake.

"Mzee, hiyo si ni kadi yangu?" aliuliza siku ya kwanza.

"Ni ya chama, binti yangu," akasema Mzee Sultan kwa upole, huku akiiweka kwenye jalada. "Na chama ni mimi."

"Lakini nimepiga mimi!"

"Kupiga ni kazi ya mkono. Kuongoza ndiyo kazi."

Jumamosi iliyofuata Mumbi akaleta ujanja wa Kikenya. Akapiga vibaya kidogo kwa makusudi, ili awe wa pili, abaki na kadi yake. Ikabidi nimfahamishe kwamba kadi ya pili kwa ubora, kwa mujibu wa kifungu hicho hicho aya ya pili, ni ya Katibu. Jumamosi nyingine akajitahidi kuwa wa tatu. Ya tatu ni ya Mweka Hazina.

"Sasa nifanyeje?" akauliza. "Nipige ukuta?"

"Ukuta hauna kadi," nilimwambia. Lazima tuwe wakweli.

Bonface alisema mbele ya watu kwamba hiki si chama, ni unyang'anyi wenye mihuri. Nilimwandikia onyo, nikalituma kwenye kundi letu la WhatsApp. Akajibu kwa picha ya mbuzi anayecheka.

Hali ilikuwa hivyo tulipopokea taarifa kwamba ofisi ya leseni za silaha itamtuma afisa wake kukagua kabati letu. Chama kingine kingefagia sakafu kikasubiri. Sisi tuliunda Kamati Ndogo ya Mapokezi. Mzee Sultan aliamua kwamba afisa huyo hatakuja kama mkaguzi, atakuja kama mgeni rasmi, na kwa kuwa ni mgeni rasmi, atasomewa risala.

"Anaitwa Kavita," nikamsomea kutoka kwenye simu. "Anatokea Southall."

"Mhindi?" akasema Mzee Sultan, uso ukamng'aa. "Vizuri sana. Kiswahili atakijulia wapi? Basi sikiliza, Muhiddin mwanangu. Risala itasomwa kwa Kiswahili, na iwe ya shairi, ivume. Karatasi ya Kiingereza utampa mkononi. Kwenye Kiingereza weka mambo kama yalivyo. Kiingereza ni lugha ya leseni. Kiswahili ni lugha ya heshima."

"Kwa hiyo kwenye Kiswahili tuna bastola ngapi?"

Mzee Sultan alifikiri kwa uzito unaostahili.

"Watu wa nyumbani watatazama video. Bastola moja kwa chama kizima? Watasema tumekuja Ulaya kuchangia kijiko. Weka idadi ya kupendeza."

Nikaweka idadi ya kupendeza. Na kwa kuwa mimi si mtunzi wa kubahatisha, niliipima silabi kwa silabi mpaka ikakaa sawasawa.

Siku ikafika. Mzee Sultan alivaa kanzu, koti na kofia ya vito. Tatizo la kwanza lilikuwa meza kuu. Mwenyekiti aliagiza iwekwe mbele, ili mgeni rasmi akae akiwatazama wananchi, kama inavyofanyika katika shughuli yoyote ya watu wenye adabu. Mbele ni kule kwenye ukuta wa mchanga.

"Mzee, huko ndiko risasi zinakoenda," akasema Bonface.

"Nimetaka meza kuu, sijataka maelezo."

"Mzee, meza iko chini ya shabaha. Mgeni atakaa hapa, kadi iko hapa, juu ya kichwa chake."

"Basi lengeni kwa heshima!"

Baada ya majadiliano marefu pande zote zilifikia maridhiano: meza kuu ikae nyuma ya mstari wa kufyatulia, na wananchi wakae nyuma ya meza kuu, ila wageuze shingo pale itakapobidi.

Afisa Kavita alipoingia, alikuwa mama wa makamo, amevaa koti la mvua na viatu vya kukimbilia, mkononi ameshika faili na chupa ya chai. Mzee Sultan alimwinamia, akatabasamu mpaka magego, kisha akaninong'oneza kwa sauti ambayo hata kwaya waliisikia: "Mgeni rasmi gani huyu anakuja na raba? Mkalishe, umpe kashata, asije akatuzeekea hapa mlangoni."

Afisa Kavita naye akatabasamu. Akakaa. Akachukua kashata mbili. Mumbi alikuwa amesimama kando karibu na kabati, akiwa bado na sare ya hospitali, maana alitoka shifti moja kwa moja. Simu ziliinuliwa kurekodi. Nikasimama, nikasema itifaki yote imezingatiwa, nikaanza:

*Mgeni wetu tuone, chama chetu chatukuka,*
*Bastola kumi na nne, kabatini zapangika,*
*Wanachama mia nne, kila wiki wamefika,*
*Mwenyekiti simba mwone, shabahaye hutoboka.*

Wananchi wote kumi na mmoja wakapiga makofi ya watu mia nne. Zilifuata beti nyingine, ambazo zilieleza changamoto zinazotukabili, hususan wanafunzi wenye haraka ya saini. Nilipomaliza nikamkabidhi mgeni karatasi ya Kiingereza, ambamo chama kilikuwa na bastola moja na wanachama kumi na mmoja, wote wapole.

Afisa Kavita aliisoma. Akaigeuza. Akanywa chai kidogo. Kisha akasimama, akarekebisha koti lake, akasema:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, Katibu, wanachama, mabibi na mabwana. Asanteni kwa makaribisho. Mimi nilizaliwa Nakuru, nikasoma Nakuru, nikauza dukani kwa baba yangu Nakuru mpaka nilipoolewa huku. Risala yenu nimeisikiliza neno kwa neno, na changamoto zenu nimezichukua."

Hakuna aliyepiga makofi. Bonface alianza kukohoa, akashindwa kuacha.

"Sasa, Mzee wangu," akaendelea, "hapa kwa Kiingereza naona bastola moja. Kwa Kiswahili nimesikia kumi na nne. Hizo kumi na tatu ziko wapi?"

Mzee Sultan aliniangalia. Mimi nikaangalia dari.

"Mama," akasema Mzee Sultan, "hizo ni za… maono. Ziko kwenye mpango wa miaka mitano."

"Ala! Kwa hiyo zinakuja?" Afisa Kavita akafungua faili. "Zinatoka kwa nani?"

"Hazitoki kwa mtu! Hazipo!"

"Hazipo, na katibu wako amesema zimepangika kabatini?"

"Hiyo ni mizani ya shairi! Muulize kijana! Muhiddin, mwambie mama!"

"Mimi hutekeleza maelekezo," nilisema, kwa mujibu wa wadhifa wangu.

"Ngoja tuende polepole," akasema Afisa Kavita. "Mimi ni mtu wa kuelewa. Nionyesheni kadi zenu za shabaha."

Nikaleta jalada. Nililileta kwa fahari, sitaficha. Afisa Kavita akapekua kadi moja baada ya nyingine, zote zimetobolewa katikati kama zimeliwa na panya mmoja mwenye adabu, na zote zina jina la Sultan.

"Haya mashimo ni yako, Mzee?"

Mzee Sultan alivimba kidogo. Ni mazoea. "Ndiyo, mama. Alhamdulillahi."

"Hongera. Basi hapo ndipo ninapopata wasiwasi." Akavua miwani. "Mtu anayepiga namna hii hafanyi mazoezi Jumamosi moja kwa wiki, kwa bastola moja wanayogombania watu kumi na mmoja. Haiwezekani. Mtu huyu ana silaha zake mahali, anafanya mazoezi kila siku. Risala inasema kumi na nne. Kadi zinasema bingwa. Vyote viwili vinakubaliana. Inanibidi niite wenzangu waje tukakague nyumbani kwako."

"Nyumbani kwangu?"

"Chumba kwa chumba. Na kwa mkeo, na kwa watoto waliooa."

Nimemjua Mzee Sultan kwa muda mrefu. Nimemwona akihutubia saa nzima bila maji. Sijapata kumwona akivua kofia yake ya vito mbele ya watu. Aliivua, akaishika kwa mikono miwili kifuani.

"Mama yangu, mimi si bingwa."

"Kadi zinasema."

"Kadi zinasingizia! Wallahi sijawahi kupiga hata risasi moja! Hiyo bastola yenyewe sijui mdomo uko upande gani na mkia upande gani! Muulize Bonface!"

"Ni kweli, hajui," akasema Bonface kwa furaha isiyo ya kiungwana.

"Basi nani alipiga hizi kadi?"

Huko juu kwaya ilikuwa kwenye kiitikio. Mzee Sultan akanyoosha kidole kuelekea kwenye kabati.

"Huyo. Mumbi."

"Hii pia?"

"Huyo huyo."

"Na hii ya majira ya baridi?"

"Zote, mama, zote! Tangu alipoingia mlango ule! Mie nilikuwa nafungua tu!"

"Anapiga kwa usalama? Anahudhuria kila wiki?"

"Hakosi! Anatoka kazini macho mekundu, anakuja! Hajawahi hata siku moja kuelekeza mtutu mahali pabaya! Mpigaji hodari, mama, hodari kabisa, hapa hatuna mwingine. Mwandike huyo, mie nifute!"

Afisa Kavita akamsogezea karatasi tupu na kalamu. "Niandikie hayo yote, kwa mkono wako. Kwamba wewe hukupiga, kwamba alipiga yeye, na sifa zake kama ulivyozitaja. Kisha weka saini. Cheo usisahau."

Mzee Sultan aliandika haraka kuliko nilivyowahi kumwona akiandika chochote. Akatia saini, akatia saini tena chini ili kuongeza uzito, akauliza kama muhuri unahitajika, akauweka bila kujibiwa. Afisa Kavita alisoma, akaitikia kwa kichwa, kisha akaigeuzia karatasi upande wa Mumbi.

"Dada, ulikuwa unasubiri saini ya mwenyekiti?"

Mumbi akaipokea. Aliisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza bila sauti. Alipofika kwenye neno hodari aliziba mdomo kwa kiganja.

"Mzee," akasema, "si ungeniandikia tu hivi tangu mwanzo?"

"Na zile bastola kumi na tatu?" Mzee Sultan akamuuliza mgeni, jasho likimtiririka.

"Zipi?" akasema Afisa Kavita, akifunga chupa ya chai. "Najua mna moja. Leseni yenu niliichapa mimi mwenyewe."

Alikagua kabati, akalisifu, akachukua kashata nyingine ya njiani, akarudi zake ofisini.

Kamati Tendaji ilikutana papo hapo kwa dharura. Katiba inasema mwenyekiti lazima awe mwanachama kamili, na mwanachama kamili lazima awe na kadi alizopiga mwenyewe. Mzee Sultan, kwa maandishi yake mwenyewe yenye muhuri, hakuwa nayo hata moja. Mimi pia hali yangu ilichunguzwa, na nisingependa kuingia kwa undani. Inatosha kusema kwamba kwa sasa mimi ni Katibu wa muda, mwanafunzi.

Jumamosi iliyofuata Mzee Sultan alifika mapema kuliko watu wote, kanzu imepigwa pasi, ili akamilishe kadi zake upesi na kurudi kwenye nafasi yake. Bonface alimpitisha katika mafunzo ya usalama ambayo aliyahesabu miaka yote kuwa ni ya watoto. Akauliza kama kuna mstari wa viongozi. Akaambiwa mstari ni mmoja. Mumbi, akiwa sasa ni msaidizi wa msimamizi, alisimama begani kwake.

"Miguu, Mzee. Achanisha kidogo. Mkono usikaze. Vuta pumzi, toa nusu, ndiyo ufyatue."

"Najua, najua. Nimefungua shughuli hii mara ngapi?"

Alifumba jicho, akalifumbua, akafumba lingine. Alifyatua, akaruka. Akafyatua tena. Huko juu kwaya ilikuwa imekaa kimya, nadhani kwa kumwonea huruma. Risasi zote kumi zilikwenda, na ukuta wa mchanga ukazipokea moja moja bila manung'uniko. Bonface akapuliza filimbi, akaivuta kadi mpaka kwetu. Ilikuwa nyeupe na safi kama ilivyotoka kiwandani.

Mzee Sultan aliinyanyua kwenye taa, akaitazama upande huu na upande ule.

"Huenda zimepita kwenye shimo la mtu mwingine," akasema.

Mumbi akachukua kalamu. Akaandika jina la Sultan juu ya kadi kwa herufi kubwa, akaandika sifuri chini yake, akamrudishia kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mzazi wake.

"Hii ni yako kabisa, Mzee," akasema. "Hapa hakuna atakayekunyang'anya."